Maswali Huulizwa: Maisha ya Loveday Nancarrow, Mtia Rangi wa Tarrawing

Alizaliwa 14 Machi 1843. Aliaga dunia 7 Agosti 1898.
Wasifu umeandikwa na kusomwa na mjomba wake, Bwana Digory Pascoe, makaburini Tarrawing, Jumanne, 9 Agosti.

Hakuna hata mmoja wenu atakayeyaamini yaliyomo katika karatasi hii, na msione haya, maana aliyetangulia kusema hivyo ni marehemu mwenyewe. Alhamisi iliyopita, akiwa ameegemezwa mito mitatu, alimwambia mjomba wake, "Mjomba, umewadanganya watu wa mji huu miaka arobaini na minne. Siku utakayosema kweli watakucheka." Mjomba akajibu kwamba hajawahi kumdanganya mtu, amewachangamsha tu. Marehemu hakucheka. Aliomba penseli.

Habari ya penseli hiyo ni lazima ielezwe mapema. Wasifu huu uliandikwa marehemu akiwa hai, siku na saa ya kufa na mambo ya baada yake yakiachwa wazi, na alipelekewa kitandani ausome, kwa sababu tangu akiwa na miaka kumi na mmoja hakuna maandishi ya mjomba wake yaliyotoka nje ya nyumba bila yeye kuyapitia. Bwana Stroud, mwenye gazeti letu, ameombwa achape kila kitu kama marehemu alivyokiacha. Alichokata kimekatwa. Alichoandika pembeni kimechapwa pale pale alipokiandika. Hata mahali pa kumwaibisha mjomba wake, kimechapwa.

Aliacha ombi moja tu: kwamba leo, mbele ya watu wa Tarrawing, isemwe waziwazi jinsi wanawe wawili walivyopata kufa. Mjomba wake aliahidi, na litasemwa. Lakini wasifu huanzia kuzaliwa, basi na huu uanzie huko.

Loveday alizaliwa Jumanne huko Camborne, Cornwall, binti pekee wa Zacchaeus na Grace Rodda. Baba yake alikuwa mchimba bati, na shimo lilimmeza kabla mtoto hajajua kusimama. Siku ya kuzaliwa kwake theluji ilifika magotini, na mjomba wake, wakati huo kijana wa miaka kumi na mitano mwenye miguu kama ya farasi, alikimbia maili nane kumwita mkunga na maili nane kurudi naye mgongoni.

(Pembeni, kwa penseli ya marehemu: Mkunga alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mama aliniambia. Machi ile hakukuwa na theluji.)

Mwezi Novemba 1854 Grace, mdogo wake Digory na mtoto Loveday walishuka Melbourne wakifuata dhahabu, wakafika hapa Tarrawing. Grace alikufa mwaka wa pili, kwa kuhara damu, ndani ya kibanda cha magome. Mtoto alibaki na mjomba wake. Watu wengi hapa wanadhani Digory Pascoe ndiye aliyemlea Loveday. Ukweli ni kwamba miezi sita baada ya msiba huo, aliyekuwa akimwamsha mwenzake, akimpikia na kumwambia avae shati safi, alikuwa ni yule wa miaka kumi na miwili.

Masomo yake aliyapata ukutani. Wazee wa machimboni mnakumbuka kwamba vibanda vyetu vilibandikwa magazeti ndani ili upepo usipite, na mjomba wake, ambaye shule aliiona kwa mbali tu, alimfundisha kusoma matangazo kuanzia mlangoni hadi jikoni. Karibu na mlango palikuwa na meno ya bandia na ruba wapya wa kunyonya damu ya wagonjwa kutoka Ulaya. Juu ya kitanda palikuwa na miavuli, soseji, taa za mafuta na mazishi ya heshima. Penye jiko palikuwa na dawa ya kuotesha nywele iliyotengenezwa kwa mafuta ya dubu, na picha mbili: bwana mwenye upara kabla ya kuitumia, na bwana mwenye nywele kama manyoya ya simba baada ya kuitumia. Mjomba wake alikuwa ameanza kupungukiwa utosini, akainunua. Mtoto aliitazama picha ile huku akikoroga uji.

"Mjomba."

"Sema, mwanangu."

"Huyu wa kwanza masikio yake yamebana kichwani. Huyu wa pili yamesimama kama milango ya zizi. Hii dawa inaotesha nywele au inaotesha masikio?"

Mjomba akasogea, akatazama. Walikuwa watu wawili tofauti. Mji mzima ulikuwa umeinunua dawa ile, wakiwemo mwalimu na daktari, na aliyegundua alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja mwenye mwiko mkononi.

(Pembeni: Daktari hakununua. Miaka yangu ilikuwa kumi na mitatu.)

Baadaye alisoma miaka miwili, 1857 na 1858, katika shule ya kanisa letu la Wamethodisti, akatoka na hati nzuri na cheti cha Maandiko. Lakini mwenyewe alizoea kusema kwamba ukuta ndio uliomfunza kazi kubwa ya kusoma, nayo ni kuuliza: nani amesema hivi, na anauza nini?

Mwaka 1860 alichukuliwa na Bi. Isbister, mjane wa visiwa vya Orkney, aliyekuwa na duka la kutia nguo rangi Barabara ya Kanisa. Alijifunza zambarau, kijani na kahawia, lakini kazi iliyolisha nyumba ilikuwa nyeusi. Ninyi mnajua. Mtu akifa, matajiri hununua nguo za msiba dukani, na sisi wengine huchukua gauni tulilo nalo, hata lile la arusi, tukalipeleka pipani. Mjane ana mwaka na siku moja wa kuvaa nyeusi, na hawezi kungoja wiki mbili majirani wakimwona na maua ya buluu kifuani. Loveday alilipika gauni katika maji ya magogo ya mti wa kutia rangi, akalipitisha katika maji ya kutu ya chuma ili weusi ushike, akalirudisha, mara tatu, na kesho yake likawa tayari. Tazameni mlivyovaa. Nusu ya weusi uliosimama hapa umetoka mikononi mwake. Wingu lile la magharibi likishuka kabla hatujamaliza, mtajuana: waliokwenda kwake shingo zao zitabaki safi, na waliopeleka kwingine watarudi nyumbani na wino kwenye kola. Wengine wameanza kutazama juu.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja, aliyoirithi kwa Bi. Isbister. Kabla furushi halijavuka kizingiti, mleta alisimama nje akaulizwa: aliyekufa ni nani, amekufa kwa nini, na nguo hizi zilikuwa chumba gani? Zikiwa zimetoka nyumba yenye homa, zilichemshwa kwanza katika sufuria ya nje nyuma ya ua, zikaanikwa siku tatu juani, ndipo zikaingia. Watu waliona ni udadisi. "Loveday anakuuliza mpaka jina la mbwa," walisema. Naye aliwajibu, "Mbwa naye ana nywele."

Jumamosi, 7 Oktoba 1865, aliolewa na Hedley Nancarrow, mchimbaji kutoka St Agnes, kule kwetu Cornwall, mtu mpole asiye na maneno. Mikate ya zafarani iliyookwa siku ile ingetosha kujenga daraja. Mungu aliwapa Tamsin mwaka 1866 na Petherick mwaka 1869. Bi. Isbister alipozeeka alimwachia duka, na jina juu ya mlango likabadilika kuwa L. Nancarrow.

Matangazo yake gazetini yaliandikwa na mjomba wake. Hapa hakuna haja ya unyenyekevu, kwani hapakuwa na mkono mwingine kama ule kusini mwa ikweta. Aliandika: "Weusi usio na mpinzani duniani! Usiku wenyewe huona wivu! Malkia mjane, akiuona, atajuta kushonewa London!" Kisha akampelekea mpwa wake aliyekuwa penye pipa, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko. Loveday alijifuta, akachukua penseli.

"Mjomba, Malkia hajaleta gauni lake hapa."

"Hajaleta bado."

"Na usiku hauoni wivu."

"Umeuuliza?"

"Kata."

Kilichobaki kila mara kilikuwa mistari miwili: jina, barabara, nguo za msiba kwa siku moja. Mjomba alinung'unika njia nzima hadi kwa mchapaji. Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi, na waliyaonea raha wote wawili.

Tunafika mwaka 1876. Katika karatasi ya kwanza palikuwa na mstari mmoja tu hapa: "Mwaka huo familia ilipata pigo la homa, iliyoingia nyumbani kwa njia isiyojulikana." Marehemu aliukata kwa nguvu hata karatasi ikachanika, na tundu hilo Bwana Stroud hawezi kulichapa.

(Pembeni: Inajulikana. Iandike, mjomba. Uliahidi.)

Basi iandikwe.

Mwanzoni mwa Mei mwaka huo lilifunguliwa duka jipya la vitambaa, likachukua robo ukurasa wa gazeti, na picha ya mwanamke mwenye shela amelala juu ya kaburi. Mjomba wa marehemu aliona wivu kana kwamba duka la Barabara ya Kanisa lilikuwa lake. Akaongeza maneno katika tangazo la mpwa wake: "Nguo kutoka nyumba yoyote, bila kuulizwa swali lolote." Aliyaona maneno mazuri. Hata leo angeulizwa kama yana mvuto, angesema yana mvuto.

Loveday aliyakata kwa mistari miwili. "Maswali nauliza, mjomba. Ndiyo kazi yenyewe."

Mjomba akaichukua karatasi kwenda kuchapisha. Mlangoni kwa mchapaji akaitazama, akaiona imenyolewa kama kondoo wa Septemba. Akamwambia mpanga herufi, "Haya yaliyokatwa, yarudishe."

"Mwenyewe amekubali?"

"Amekubali."

Neno moja. Mjomba huyu amesema uongo mwingi mrefu na mnene katika maisha yake, na hakuna hata mmoja uliomdhuru kuku. Huu ulikuwa mfupi.

Gazeti lilitoka Jumamosi, 6 Mei. Loveday alilisoma amesimama, akamwendea mjomba wake na gazeti lenyewe. "Nenda kaliondoe." Ninyi mnaijua desturi ya gazeti letu: tangazo likishafungwa katika fremu yake ya chuma hukaa hivyo hivyo hadi mwisho wa mwezi, toleo baada ya toleo, isipokuwa mtu aende akaandike sahihi ya kulitoa. Loveday alikuwa na mapipa manne motoni. Mjomba wake alikuwa na miguu miwili na nafasi ya kutosha. Alisema, "Jumatatu nitakwenda." Jumatatu hakwenda. Alisema, "Jumatano." Jumatano kulikuwa na mbio za farasi. Loveday alimuuliza, "Umelitoa?" akajibu, "Limeshatoka hilo, mwanangu, usijisumbue." Loveday akamwamini, hakulifungua gazeti.

Jumanne, 16 Mei, mchana, Loveday alivuka kijito kumpelekea supu Bi. Isbister, ambaye wakati huo hakuweza kutoka kitandani. Hedley alikuwa shimoni. Duka liliachwa kwa mjomba. Gari la farasi la abiria lilisimama, na mwendeshaji wake, Lachie, akashusha furushi kubwa lililofungwa kwa shuka, na juu yake, kwa pini, kipande cha gazeti.

"Digory! Mzigo wa bibie, kutoka huko juu kwa wenye kondoo."

"Uweke hapo ndani."

Lachie akabaki mlangoni, furushi mikononi. "Leo huniulizi? Mke wa Hedley angeshaniuliza nimekula nini asubuhi."

"Wewe husomi gazeti?" Mjomba akakigonga kile kipande cha karatasi kwa kidole. "Bila swali lolote. Duka hili sasa ni la kisasa."

Lachie akacheka, akaliweka ndani, akapanda gari lake akaenda. Angeulizwa swali moja angejibu. Alijua. Nyumba ile ilikuwa imezika watoto watatu kwa wiki mbili, kwa homa ya koo na vipele vyekundu, na nguo zile zilikuwa zimelala juu ya vitanda vyao.

Tamsin na Petherick walirudi kutoka shule wakalikuta furushi limefunguka upande. Ndani ya zile nguo za watu wazima kulikuwa na kofia ya mahameli ya mtoto, yenye utepe. Tamsin alikuwa na miaka kumi na hajawahi kugusa mahameli. Aliivaa, akageuka polepole.

"Babu Digory, nafanana na binti wa gavana?"

"Binti wa gavana? Yule akikuona ataomba kukuchukulia mwavuli."

"Na mimi! Na mimi, babu!" Petherick alikuwa amejifunika koti refu hadi miguuni, uso wake wote ndani ya kola.

"Wewe ndiye gavana mwenyewe. Piga saluti."

Alipiga saluti. Mjomba alicheka sana. Mpaka leo katika masikio yake kicheko hicho hakijakoma, ingawa aliyecheka alikuwa yeye.

Loveday aliingia na bakuli tupu la supu. Aliiona kofia. "Imetoka wapi?"

"Huko juu, kwa wenye kondoo."

"Nyumba gani? Aliyekufa ni nani?"

Mjomba akageuka kulitazama furushi. Loveday akakiona kipande cha gazeti kwenye pini. Akakisoma. Hakupiga kelele. Alichukua koleo la moto, akaitoa kofia ile kichwani mwa mwanawe kama mtu anayetoa kaa la moto, akaitupa ndani ya jiko. Kisha akawaogesha watoto kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia mpaka wakalia, akawaogesha tena, akawaogesha tena. Mjomba alisimama mlangoni akisema, "Mwanangu, hawana kitu, watazame walivyo wekundu kwa afya." Walikuwa wekundu kwa sababu ya kusuguliwa.

Ijumaa Tamsin alisema koo linamuuma. Tamsin Grace Nancarrow alifariki Alhamisi, 25 Mei 1876, saa nne asubuhi. Petherick Hedley Nancarrow alifariki Jumamosi, 27 Mei, saa kumi alasiri, akiomba maji ambayo hakuweza kuyameza. Wamelala hapa hapa, hatua nne kutoka tulipo, na yeyote anayekanyaga pale penye nyasi fupi asogee kidogo.

Nguo za msiba za nyumba ile alizitia rangi mama mwenyewe, gauni lake na koti la mumewe, katika pipa lile lile. Hakuna mwingine ambaye angezitia. Na Jumatano, 31 Mei, gazeti lilitoka. Safu ya kwanza kulikuwa na vifo, na majina ya watoto wawili, moja chini ya jingine. Safu ya pili, kwa usawa huo huo, bega kwa bega nayo: "L. Nancarrow. Nguo za msiba kwa siku moja. Nguo kutoka nyumba yoyote, bila kuulizwa swali lolote." Herufi zilikuwa bado zimefungwa. Mwezi ulikuwa haujaisha.

Watu wa Tarrawing walisoma safu zote mbili na wakajumlisha wenyewe. Ninyi mlioko hapa, wengi mlijumlisha. Mlisema mama yule alipenda kazi kuliko watoto, kwamba aliacha kuuliza ili apate mafurushi zaidi. Miezi sita hamkupita mlangoni kwake. Na kwenye duka la nyama, mbele ya watu wanane, mwanamke mmoja ambaye hatatajwa, na ambaye leo amevaa nyeusi ya Loveday, alisema, "Huyo wateja wa msiba wakipungua, huanzia nyumbani kwake." Watu walicheka. Mjomba wa marehemu alikuwa pale pale akichagua soseji. Alitazama soseji. Alipoinua uso alimwona Loveday amesimama mlangoni na kikapu.

Loveday alinunua shingo ya kondoo, akashukuru, akatoka. Mjomba alimfuata barabarani.

"Nitawaambia, mwanangu. Nitarudi sasa hivi niwaambie."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Ukishawaambia utalia. Watakuonea huruma. Watakununulia kinywaji, na ikifika Krismasi itakuwa hadithi, na wewe ndani yake utakuwa mtu mzuri aliyepatwa na bahati mbaya. Nakujua." Alihamisha kikapu mkono wa pili. "Sitaki wakuchukie wao. Nataka nikuchukie mimi, peke yangu. Nikifa, ndipo utawaambia. Na utaiandika."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo Jumapili njoo chai kama kawaida. Wewe ni mjomba wangu. Sina mwingine."

Mjomba alikwenda chai kila Jumapili kwa miaka ishirini na miwili. Alimiminiwa kikombe, akakatiwa mkate wa zafarani, akaulizwa habari za mgongo wake. Kila Jumapili Hedley alipomwona langoni alichukua kofia yake, akatokea mlango wa nyuma, akakaa bandani mpaka kikombe kilipokwisha. Leo tu, kwa kuwa makaburi hayana mlango wa nyuma, amelazimika kubaki.

Mwezi Juni 1876 Loveday aliandika tangazo jipya kwa mkono wake na kulipeleka mwenyewe. Mnalijua kwa moyo. "L. Nancarrow, Barabara ya Kanisa. Nguo za msiba. Maswali huulizwa." Mlidhani ni mzaha. Wasafiri walilikata wakawatumia ndugu zao barua nalo ndani. Mtu mmoja alimwambia mjomba wa marehemu kwamba ndilo tangazo la kuchekesha kuliko yote katika makoloni, na lazima aliandike yeye. Mjomba, Mungu amsamehe, alitabasamu. Kila Jumatano na kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya kuwasha moto, Loveday alilifungua gazeti penye safu ya pili na kuweka ncha ya penseli chini ya maneno yale mawili ili aone kama yangali pale. Kisha alilikunja. Habari nyingine hakusoma.

Mwaka 1878 alizaliwa Wilmot, ambaye mama yake hakumruhusu kuvaa nguo ya mtu mwingine maishani mwake, hata glavu, hata kwa dakika moja. Wateja walirudi, kwa sababu watu wanakufa. Alifanya kazi vizuri. Hakuimba tena kazini, naye zamani alikuwa akiimba mpaka mtu wa duka la jirani analalamika.

(Pembeni: Hakulalamika. Aliitikia sauti ya pili.)

Mwezi Machi mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Daktari alikuta uvimbe, akasema umechelewa kuonekana, na hata ungeonekana mapema hakuna lolote ambalo angefanya. Walimletea kila kinachotangazwa: vidonge, mafuta, mkanda wa umeme, chupa ya maji ya chemchemi. Alisoma karatasi za chupa zote hadi herufi ndogo za chini, akazirudisha mezani. "Masikio, mjomba," alisema. "Angalia masikio." Hakuzigusa. Kuanzia Juni hakushuka kitandani. Alimfundisha Wilmot mchanganyiko wa mwisho kwa kuutaja, na Wilmot akamletea vipande vya kitambaa avitazame dirishani. Maumivu yalikuwa makali na hayakumwachia hata saa moja ya kupumzika. Hapo hakuna kilichotiwa chumvi.

Aliaga dunia Jumapili, 7 Agosti 1898, saa nane na nusu mchana, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na mitano. Siku na saa zimejazwa na Wilmot. Wilmot alimwosha mama yake mikono kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya chumvi. Chini ya kucha rangi haikutoka, naye akaiacha hivyo.

Ameacha mume, Hedley Nancarrow. Binti, Wilmot, ambaye atalifungua duka Jumatatu ijayo na tangazo halitabadilika. Na mjomba mmoja, Digory Pascoe, mwenye miaka sabini, ambaye kwa utaratibu wa mambo angetangulia. Walimtangulia wazazi wake wawili, na Bi. Isbister, na Tamsin, na Petherick. Atalazwa kati ya hao wawili wa mwisho, mahali palipoachwa wazi tangu mwaka 1876 kwa kipimo cha mtu mzima.

Watu wa Tarrawing, mmesikia. Hakuacha kuuliza. Aliyeacha kuuliza amesimama mbele yenu. Midomo yenu imwache mama huyu sasa, alale kama mtu asiye na swali la kujibu.

Na ili mjue jinsi moyo wake ulivyokuwa, Ijumaa alasiri, baada ya kusomewa habari hii yote kama mlivyoisikia, Wilmot akiwa shahidi, alimwita mjomba wake karibu, akamshika mikono yote miwili kwa nguvu kama za msichana, machozi ya furaha yakimtiririka, uso wake ukiangaza chumba kizima, akasema kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya kijito kwamba yamekwisha, kwamba alimsamehe tangu zamani, tangu siku ile ile ya kwanza, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja ku

(Pembeni, Jumamosi: Mjomba. Nilisema najaribu. Mengine kata.)